Niliuliza kabla ya kulipa, nikaambiwa ndiyo

Ningeinunua programu hii ya kufungulia Windows ndani ya Mac kwa kubahatisha, leo ningenyamaza. Lakini niliuliza. Niliwaandikia wauzaji wake, kwa maneno mepesi kabisa: nina MacBook Air ya chipu ya M1, memori gigabaiti 8, nataka kufungua Windows ndani yake ili mpwa wangu acheze gemu la mtandaoni na wenzake. Nikalitaja gemu kwa jina. Je, litacheza? Dakika haikupita, mhudumu akajibu: ndiyo, maelfu ya magemu ya Windows yanacheza, lipia ufurahie. Nikalipia mwaka mzima, shilingi 13,000 na ushei, pesa ya video ya harusi niliyoikesha nikiihariri. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa Lamu, na Mac hiyo ndiyo jembe langu. Kuiuza kwa sababu ya gemu haikuwezekana.

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Malindi, kusi imeshaanza na bahari imechafuka. Kwao wanacheza timu ya watano, na hofu yake ilikuwa moja tu, asije akapewa mwingine nafasi yake. Nikamwambia, mjomba wako yupo, usihangaike. Tukapanda darini ambako mtandao unashika, tukanunua bando, tukapakua Windows 11 ya chipu za ARM, aina ya hiyo M1, kisha gemu lenyewe, usiku kucha. Kusakinisha hakukuwa na tabu, nawapa haki yao: unabonyeza, unasubiri, Windows inatokea kwenye dirisha kama programu nyingine yoyote.

Jioni iliyofuata, baada ya Isha, wenzake Malindi wanamngoja. Akabonyeza. Picha ikaja, muziki ukaanza, mtoto akajiweka sawa kwenye mkeka. Kikatokea kijisanduku kidogo: hili haliwezi kuendeshwa ndani ya mashine pepe. Gemu likajifunga. Akajaribu tena, yakawa yale yale. Simu yake inaita, "Umeingia? Umeingia?" Mara ya nne akaizima simu, akaniambia, "Basi mjomba, si kitu."

Hilo "si kitu" ndilo lililonikalisha kuandika haya.

Sababu nimekuja kuisoma baadaye. Magemu mengi ya kushindana mtandaoni yana mlinzi wa kuzuia udanganyifu, na baadhi ya walinzi hao huingia hadi kwenye kiini cha Windows kukagua. Akigundua kuwa kompyuta ni pepe, yaani imeigizwa ndani ya kompyuta nyingine, anafunga mlango, maana mdanganyifu aliye nje yake anaweza kuichezea memori ya gemu bila kuonekana. Waliotengeneza gemu siwalaumu, wanalinda mchezo wao. Ninayemlaumu ni yule ambaye kuyajua haya ndiyo kazi yake, akaniambia ndiyo.

Nilipomrudia, lugha ilikuwa nyingine kabisa. "Soma masharti." Maneno mawili, hata salamu hakuna! Nikamtumia picha ya jibu lake la mwanzo. Akasema maelfu ya magemu si magemu yote, akafunga mazungumzo. Hapa Langoni muuza mashati akikupa saizi isiyo yako anakubadilishia, tena anakuomba radhi.

Nisiwadhulumu, lakini. Gemu langu la kujenga miji, la enzi za Windows XP, linakwenda laini mno. Usiku mmoja nililicheza hadi adhana ya alfajiri. Na si jambo dogo hilo: gemu limeandikwa kwa chipu za aina ya Intel, Windows ya ARM inalitafsiri, halafu programu hii inaitafsiri michoro kutoka DirectX, lugha ya michoro ya Windows, iende kwenye Metal, ile ya Apple. Tafsiri juu ya tafsiri, na bado halisiti! Tangu Apple ianze kuhamia chipu zake mwishoni mwa 2020, Boot Camp, ile njia ya Apple ya kuiweka Windows kwenye Mac, haipo kwenye Mac hizo, kwa hiyo kuiwasha Windows moja kwa moja kama zamani hakuna tena. Kwa mwenye magemu ya zamani, ya kucheza peke yake, nilikuwa tayari kuipa nyota nne. Tatu, basi, maana gigabaiti 8 zikigawanywa baina ya mifumo miwili, kazi zangu za video lazima nizifunge, na Air haina feni, ilipata moto hadi nikaitoa mapajani.

Lakini sikutoa elfu kumi na tatu nicheze peke yangu gemu la zamani. Nilitoa kwa sababu niliuliza swali moja nikajibiwa. Kila nikilisoma lile jibu, na ninalo mpaka leo, nyota zinapungua. Moja, na hiyo ni ya usakinishaji. Fedha zangu nimeziomba mara mbili, kimya.

Mpwa wangu amesharudi Malindi. Nafasi yake kwenye timu amepewa mwingine.