"Leta fundi wako": nilivyouziwa bamba la meza ya kuchomelea

Bamba lenyewe si baya. Naanza na hilo ili nisionekane naandika kwa chuki tu. Liko hapa nyuma ya nyumba, Umoja, Nairobi, futi 4 kwa 2, na jana nimeunganishia fremu ya dirisha juu yake. Ninayotaka mjue ni jinsi nilivyouziwa, na zaidi jinsi nilivyojibiwa niliporudi kuuliza.

Kabla ya kuwa na meza nilikuwa nachomelea sakafuni. Aliyefanya hivyo anajua: mgongo unakatika, na simiti haipendi moto. Unyevu uliojificha ndani ukipata joto la ghafla unatafuta pa kutokea, kipande kinaruka kwa mlio. Kimoja kilinipiga shingoni. Nikahamia kwenye meza ya mbao, juu nikapigilia bati la kuezekea, nikajiona nimepata. Hapo ndipo nilipokosea vibaya, na sitaki mtu mwingine arudie. Bati lina zinki, na zinki ikichomwa inatoa moshi mweupe. Jioni ile baridi ikanishika, viungo vikauma, mdomoni nikawa nasikia ladha kama nimelamba ufunguo. Nikajua ni malaria. Kesho yake jioni ikawa imeisha yenyewe, bila dawa. Nilipomhadithia mzee mmoja wa Kamukunji ambaye amekula chumvi nyingi kwenye jua kali, hakungoja nimalize. "Hiyo ni zinki, mwanangu, si mbu. Ng'oa hilo bati leo." Nikaling'oa siku hiyo hiyo.

Basi nikaamua nitafute bamba jeusi la chuma, lisilo na zinki wala rangi, kwa sababu klempu ya athi, ile inayorudisha umeme kwenye mashine ya kuchomelea, inataka chuma kitupu. Yale mabamba ya vinundu wanayotandika kwenye magari sikuyataka, kazi hailali sawasawa juu yake. Kilichonisumbua kichwa ni unene. Bamba jembamba likipata joto upande mmoja linatanuka, likipoa linajivuta, na halirudi lilivyokuwa. Meza ikipinda, kila fremu utakayoifunga juu yake itapinda nayo. Niliowauliza wengi waliniambia kwa mageti na madirisha chukua milimita 10 upumzike. Nikapiga hesabu: mita mraba 1 ya unene huo ina kilo 78 na nusu, kwa hivyo langu lingekuwa kama kilo 58. Watu wawili wanalibeba.

Nilienda duka moja la vyuma Industrial Area, sitalitaja. Wakati huo mvua za masika zilikuwa ndiyo zimeanza. Kijana akalikata kwa gesi mbele yangu, mwenzake akaweka tepu ukingoni na kuniambia, "Ona mwenyewe, madam, kumi." Nikaona. Nikalipa kwa M-Pesa, nikaandikiwa risiti, tukapakia kwenye pikapu tukaingia Jogoo Road na foleni yake. Nilikuwa na furaha siku hiyo kama mtoto aliyenunuliwa viatu.

Ukingo uliokatwa kwa gesi unaachwa na masazo ya chuma kilichoyeyuka, yananing'inia upande wa chini kama nta ya mshumaa. Ni makali, lazima uyasugue kabla hujajikata. Nikawasha grainda nikaanza kona ya kushoto. Masazo yakadondoka, ukingo ukabaki mweupe unang'aa, na nikasimamisha mashine. Ile kona niliyosugua ilikuwa nyembamba kuliko ile ambayo bado sijaigusa. Nikaweka tepu penye masazo: 10. Nikaweka penye chuma safi: 8. Nikadhani tepu ina kasoro. Nikaazima vanya, kile kipimo cha taya cha kupimia unene, kwa jirani anayetengeneza injini, nikapima sehemu nne. Kote 8, na mahali pamoja haikufika.

Yule kijana alipima masazo. Aliyapima akijua, maana mtu anayekata chuma kutwa nzima hawezi kukosa kujua. Kwa ukubwa wa bamba langu, hizo milimita 2 ni karibu kilo 12 za chuma nilizolipia zikabaki kwao.

Nilirudi baada ya siku chache, risiti mkononi, picha za vanya kwenye simu. Sikupayuka. Nilisalimia vizuri, nikamweleza aliyekuwa kaunta kwamba nimeuziwa 8 kwa bei ya 10, naomba tusaidiane, wanirudishie tofauti tu. Hakuitazama risiti. Hakuitazama hata simu. Alisema, "Chuma ikishakatwa hairudi. Leta fundi wako tuongee na yeye."

Nikamwambia fundi ni mimi.

Akageuka nyuma akawaambia wenzake, "Ati yeye ndiye fundi," wakacheka. Kisha akanirudia kwa ile sauti ya kumwelewesha mtoto: "Mama, hizi vitu ziko na utaalamu wake. Mwambie mzee aje." Mzee yupi? Nina alama za cheche mikononi kuanzia kiwiko hadi kidole. Kwenye mtaa wangu kuna mageti ambayo nimeyapima, nikayakata, nikayachomelea na kuyasimamisha mwenyewe. Nyuma yangu palikuwa na mwanamume aliyetaka kununua kilo moja ya vijiti vya kuchomelea, na huyo alihudumiwa huku mimi nimesimama pale, risiti imenyooshwa. Anaitwa "bosi", anaulizwa anataka vya unene gani.

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaofaa na maelezo anayohitaji kuhusu anachonunua. Ilinijia nikiwa kwenye matatu narudi nyumbani. Pale kaunta koo lilikuwa limekauka.

Sasa kuhusu bamba. Sikuwa na pesa za lingine, ikabidi nilitumie. Chini nililiwekea mbavu tatu za chuma cha pembe, nikazichomelea kwa vipande vifupi, hapa kidogo, pale kidogo, nikiacha kipoe, kwa maana ukichomelea mfululizo bamba linavutwa likawa kama sahani. Juu silipaki rangi. Napitisha kitambaa chenye oili kidogo kila jioni kwa ajili ya kutu, naifuta vizuri kabla ya kuwasha moto. Matone ya chuma yakishika nayang'oa kwa patasi. Kwa madirisha na viti lilinyooka vizuri. Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeandika kabisa kwamba milimita 8 inatosha kwa karakana ya nyumbani, mradi uweke mbavu.

Hiyo sentensi nimeifuta. Wiki iliyopita nilifunga geti zito la tyubu za mraba, joto likawa jingi katikati, na leo asubuhi nimelaza rula ndefu juu ya meza nikaona mwanga unapita chini yake. Sarafu ya shilingi moja iliingia pale katikati na kutoka upande wa pili bila kugusa rula. Huenda mbavu nne zingesaidia. Huenda hata la 10 lingevutwa kidogo, sijui moyoni kama nalionea bamba hasira za kaunta. Lakini niliomba 10, nililipa 10, na geti la mteja limetoka na kona iliyonyanyuka ambayo nimeipiga nyundo nusu siku. Kwa hivyo ukiniuliza, nunua 10, na usinunue mahali wanapokuambia ulete mtu mwingine wa kuongea naye.

Langu jipya nitalitoa Kariobangi, Light Industries. Vanya nimeshanunua, yangu mwenyewe. Watasugua ukingo kwanza, nitapima pande zote nne, ndipo nitoe simu kulipa.