Uzoefu wangu na madai ya ulemavu ya maveterani Marekani: miezi 26, na neno "nzuri" lililoniponza

Ninamwandikia Mkenya, Mtanzania au Mkongomani aliyevaa kombati za Marekani, akazivua, na sasa mgongo unamwamsha saa tisa za usiku. Niliingia jeshini mwaka 2013 kupitia mpango wa MAVNI, uliowachukua wageni wasio na kadi ya ukaazi kwa sababu ya lugha wanazozijua. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Lugha hii ndiyo iliyonifungulia mlango wa jeshi, na desturi zake ndizo zilizokaribia kuniharibia faili nilipotoka.

Nilikuwa dereva wa malori. Mwaka 2015 nilikaa Kuwait miezi 9. Siku moja nilikuwa nashusha tairi la akiba, nikasikia kitu kimechomoka kiunoni, miguu ikaishiwa nguvu. Nilipelekwa kwa mganga wa kikosi, akanipa ibuprofen na kuniambia ninywe maji mengi. Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi. Baada ya hapo sikurudi tena kulalamika, kwa sababu nilikuwa mgeni, nina deni la kuonyesha kwamba ninaweza, na nyumbani nilifunzwa kwamba mwanamume huvumilia. Miaka 6 nikavumilia bila kuandikwa popote. Mstari ule mmoja ndio ulioniokoa baadaye.

Nilitoka Aprili 2021. Hapa ndipo nilipofanya kosa la kwanza, tena kubwa. Ukiwasilisha madai ya fidia kwa Idara ya Masuala ya Maveterani ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka jeshini, malipo huhesabiwa kuanzia siku inayofuata ile uliyotoka. Mimi nilisubiri. Nilikuwa na kazi ghalani, mtoto wa pili alikuwa njiani, na nilidhani fidia ya ulemavu ni ya waliokatwa miguu. Agosti 2022 ndipo ilipotiwa saini sheria ya PACT, inayowahusu waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka. Kuwait imo, Somalia imo, Jibuti na Omani pia zimo. Mwenzangu wa kikosi akanipigia simu usiku huohuo: "Wewe si pua yako haijawahi kufunguka tangu Kuwait?" Kweli. Chini ya sheria hiyo, magonjwa kama mafua sugu ya pua huhesabiwa kuwa yametokana na utumishi, bila wewe kuthibitisha uhusiano huo.

Siku mbili baadaye nikajaza fomu ya nia ya kudai, namba 21-0966. Tafadhali, hata kama huna karatasi moja mkononi, jaza hiyo leo. Inakushikia tarehe kwa mwaka mzima huku ukikusanya ushahidi. Madai yenyewe, fomu 21-526EZ, niliyatuma Novemba: mgongo, mlio masikioni, pua.

Kisha kusubiri. Tovuti ya idara inaonyesha hatua 8, na hatua ya 3, ya kukusanya ushahidi, ndiyo faili linapolala. Unaamka asubuhi unakuta umefika ya 5, unamwambia mke, jioni umerudishwa ya 3. Nilikuwa nafungua simu kabla sijasali. Idara hujiwekea kipimo cha siku 125. Madai yakipita hapo huhesabiwa kuwa yamerundikana. Machi 2013 mrundikano huo ulifika takriban madai 611,000, na wazee waliopitia enzi zile huniambia sisi tuna nafuu. Huenda. Lakini siku 200 ni siku 200 kwa mtu asiyeweza kumbeba mtoto wake.

Februari 2023 niliitwa kupimwa. Uchunguzi mwingi siku hizi hufanywa na zahanati za wakandarasi, na niliyopelekwa sitaitaja. Daktari aliingia akiangalia kompyuta, akauliza unaendeleaje leo. Nikajibu: nzuri, namshukuru Mungu.

Wewe unayesoma Kiswahili unanielewa. Kwetu mtu akiwa matangani huulizwa habari, naye hujibu "nzuri", ndipo aseme mama amefariki. "Nzuri" ni mlango tu, habari yenyewe hufuata. Yule daktari hakungoja ifuate. Aliniambia niiname, nikainama kwa nguvu zote kama nilivyofunzwa, nimeuma meno. Akaweka pembeni ya kiuno changu kipimapembe cha plastiki chenye mikono miwili, akasoma nyuzi, akaandika. Hakuuliza inaanza kuuma wapi. Hakuuliza siku mbaya huwaje. Dakika 11 nikawa nje kwenye maegesho, nikashindwa kuingia kwenye gari kwa sababu ya kule kuinama. Nilipopata nakala ya ripoti baadaye, mstari wa kwanza ulisema mgonjwa anaripoti kuwa anaendelea vizuri.

Barua ya uamuzi ilikuja Juni na viwango vya ulemavu, ambavyo ndivyo hupanga malipo: mgongo asilimia 10, masikio 10, pua imekataliwa kwa kukosa utambuzi wa ugonjwa ulioandikwa na daktari. Jumla 20. Niliikunja nikaiweka kwenye droo, na kwa miezi miwili sikutaka mtu aitaje. Kama uko hapo sasa na moyo umekuwa mzito mno, piga 988, simu ya msaada kwa waliokata tamaa, ubonyeze 1 kwa laini ya maveterani. Mimi nilipiga usiku mmoja na sioni aibu kuandika hivyo.

Katika miezi hiyo nilipigiwa na kampuni iliyoahidi kunifikisha asilimia 100. Masharti yao: ongezeko la malipo ya mwezi, mara 5, niwalipe wao. Nilikaribia kutia saini. Jueni kwamba kisheria hakuna anayeruhusiwa kukutoza kwa kuandaa madai ya kwanza, na baada ya uamuzi ni mawakili na mawakala walioidhinishwa tu wanaoweza kutoza. Vyama vya maveterani kama DAV, VFW na American Legion vina wawakilishi wanaokusaidia bure, na kaunti nyingi zina afisa wa kuwasaidia maveterani.

Afisa niliyempata alikuwa mama mmoja mtu mzima, askari wa zamani, ofisi yake chumba kimoja nyuma ya maktaba. Kati ya yote niliyopitia, huyo nampa alama zote. Alisoma ripoti, akavua miwani, akaniuliza: "Nani huwa anakuvisha soksi?" Nikanyamaza. Mke wangu akajibu: "Mimi." Miaka mitatu hakuna aliyewahi kuuliza hilo, wala mimi sikuwahi kulisema. Akatueleza kwamba madai husimama kwa mafiga matatu: ugonjwa ulio nao sasa, tukio la jeshini, na daktari anayeunganisha hayo mawili. Huhitaji uhakika kamili, uwezekano wa nusu kwa nusu unatosha, na mizani ikilingana sheria humpa veterani. Tatizo langu, alisema, ni kwamba nimeficha ushahidi mwilini mwangu.

Mama watoto aliandika maelezo yake kwenye fomu ya shahidi, 21-10210. Alitaka kuandika kwa lugha ya wakubwa, afisa akamkataza. Akaandika alichokiona: kwamba ninashuka kitandani kwa kubingiria, kwamba mguu wa kulia hufa ganzi nikiendesha gari zaidi ya nusu saa, kwamba siku ya ubatizo nilimshika mtoto nikiwa nimekaa. Ukurasa mmoja na nusu. Niliposoma ile ya ubatizo nilitoka nje kwanza. Nilienda pia kwa daktari wangu wa kawaida, akaandika ugonjwa wa pua kwa jina lake na akapima ile ganzi ya mguu, ambayo sikuwa nimeidai kabisa.

Januari 2024 tukatuma madai ya nyongeza, fomu 20-0995. Tangu Februari 2019 ukikataliwa una njia tatu: nyongeza yenye ushahidi mpya, kusomwa upya na afisa wa juu bila ushahidi mpya, au rufaa kwenye bodi, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote. Ukichagua ndani ya mwaka mmoja, tarehe yako ya mwanzo haipotei. Ndiyo maana Agosti yangu ya 2022 ilibaki hai.

Uchunguzi wa pili nilienda na kijikaratasi. Nilipoulizwa hali nilisema: "Leo maumivu ni 6, juzi yalikuwa 9, nililala sakafuni." Nilipoinama nilisimama pale maumivu yalipoanza, nikasema hapa. Sikuongeza chumvi hata kidogo. Kudanganya ni dhambi na ni kosa la jinai, na wanaofanya hivyo wanawachelewesha wengine. Ila kuficha nako ni kutosema kweli, na hilo nililichelewa kulijua.

Oktoba 2024: mgongo 20, mguu 20, masikio 10, pua 10. Kwa hesabu ya sokoni ni 60, lakini wao hesabu yao ni nyingine. Wanachukua 20 ya kwanza, unabaki mzima 80. 20 ya pili inakatwa kwenye hiyo 80, na kuendelea hivyo, hadi 48, ambayo hupandishwa kuwa 50. Kuanzia 30 wanakuongezea kwa ajili ya mke na watoto. Haikatwi kodi. Malimbikizo yalilipa deni la hospitali ya kujifungua na yaliyobaki tukanunua godoro gumu.

Nikiulizwa nipime huduma nzima, tovuti ni nzuri na fomu zinaeleweka kwa anayejua Kiingereza cha ofisi. Watu wa simu ni wapole, ila hawana wanachokiona zaidi ya unachokiona wewe. Uchunguzi wa zahanati ndio mahali pabovu, na ndipo kila kitu huamuliwa. Kwa kusubiri siwezi kutoa alama, kwa sababu kuna wazee niliokutana nao kwenye benchi la yule mama ambao wamesubiri kuliko mimi na hawana wa kuwaandikia.

Binamu yangu bado yuko kazini, anatoka mwakani. Anaweza kuwasilisha madai kati ya siku 180 na 90 kabla ya kutoka, na nimemwambia kila Jumatatu aende zahanati ya kikosi, goti liandikwe. Wiki iliyopita nilimpigia nikamuuliza goti linaendeleaje. Akasema nzuri. Nikamwomba anieleze upya, polepole, tangu anapoteremsha miguu kitandani asubuhi.