Nimelipia video bubu: uzoefu wangu na programu ya kupakua video

Hasira hii ninayo tangu kabla ya likizo. Leo naiandika kwa sababu juzi mwalimu mmoja wa hapa kisiwani aliniuliza anunue programu gani ya kupakulia video, nikajikuta namjibu kwa ukali ambao hakuustahili.

Nafundisha Baiolojia shule ya sekondari, Ukerewe. Mtandao wa shuleni ni wa kubahatisha: mchana ukifungua video, kiduara kinazunguka mpaka darasa zima linaanza kupiga soga. Kwa hiyo video nazishusha kutoka YouTube usiku nyumbani, zinakaa kwenye laptopu, na siku ya kipindi nawasha projekta tunaangalia bila kutegemea mnara. Bila hivyo, mtoto wa kijijini anamaliza Kidato cha Nne akiwa ameuona moyo kwenye mchoro wa ubaoni tu.

Programu niliinunua kwenye duka moja la kompyuta Mwanza mjini, nilipovuka kufuata vifaa vya maabara. Kijana wa pale alinionyesha kwa vitendo. Alibandika linki ya video ya moyo, akabofya, ikashuka haraka kweli, akaicheza: picha ipo, sauti ipo. Akasema ile ya bure inaishia ubora wa 360, ukilipia unapata hadi 1080, picha inang'aa hata kwenye ukuta mkubwa. Sh 35,000. Nikatoa.

Wiki mbili nikawa naamka saa nane usiku kwa ajili ya bando la usiku. Video 40, nyingi za dakika kumi hivi, na kwa ubora ule kila moja ilikula MB mia na zaidi. Kila iliyoshuka ilikuja na tiki ya kijani na neno moja: Imekamilika. Nilikuwa nazifungua kidogo kuhakikisha picha inatembea. Sauti nilikuwa nimeizima, watoto wamelala.

Siku ya kipindi tukaziba madirisha kwa vitenge. Kidato cha Pili, mada ya usafirishaji katika viumbe hai, wanafunzi wamebanana mpaka mlangoni kwa sababu na mkondo wa pili waliomba kuingia. Moyo ukatokea ukutani, mkubwa, mwekundu, unapiga. Kimya. Nikaongeza sauti. Nikachomoa waya wa spika, nikauchomeka tena. Nikafungua video ya pili, ya tatu, ya kumi. Binti wa dawati la mbele akasema taratibu, "Madamu, huyu daktari anachezesha mdomo tu."

Somo lenyewe lilikuwa mapigo ya moyo! Nilitaka wasikie ule mlio wa mara mbili, wa kwanza valvu za kati ya atria na ventrikali zinapofunga, wa pili valvu za kwenye mishipa mikubwa inayotoka. Nimewafundisha kwa kugonga meza na vidole. Vipindi viwili mfululizo nagonga meza, huku ukutani moyo unapiga bila kusikika. Sijawahi kutoka darasani nimechoka namna ile.

Sasa mje mnisikilize kuhusu huduma kwa wateja. Nilipanda meli ya Nansio kwenda Mwanza, safari ya karibu saa tatu majini, laptopu mapajani. Nikamkuta kijana yule yule. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakuigusa laptopu. Akasema, "Mama, spika zako mbovu." Nikamchezea kwaya iliyokuwa humo humo kwenye laptopu, ikasikika duka zima. Akasema, "Sasa mama, si imeandika imekamilika? Unataka nini tena?" Nikamwomba aangalie faili moja tu. Ndipo akamgeukia mwenzake akasema, mimi nimesimama pale pale, "Hawa wamama kompyuta wangewaachia watoto wao."

Mimi nina umri wa kumzaa. Kijana huyo huenda naye aliwahi kufundishwa na mwalimu anayefanana na mimi. Nilikunja laptopu, nikaondoka bila kuaga, jambo ambalo sikulelewa kulifanya.

Kama ningeandika siku ile, ningesema programu hiyo ni wizi, msiinunue. Lakini niliporudi, mwalimu mwenzetu wa Fizikia alikaa na faili zangu jioni moja, akanionyesha kitu ambacho kila anayepakua video anapaswa kukijua.

YouTube kwa ubora wa juu haihifadhi picha na sauti pamoja. Picha ya 1080 ni faili lake, sauti ni faili lake, na ukiangalia mtandaoni kivinjari chako ndicho kinachozicheza kwa pamoja. Kwa hiyo programu ya kupakua lazima ishushe zote mbili halafu izishone ziwe faili moja. Ile ya 360 ndiyo inayokuja ikiwa tayari imeunganishwa. Mnaona? Jaribio la dukani lilisikika kwa sababu lilikuwa la bure, la 360. Nilipolipia kilicho bora, nikapewa bubu. Na kwenye laptopu yangu sehemu ya kushona haikuwepo kabisa. Ilitakiwa ishushwe na kusimikwa peke yake, na aliyenisimikia programu hakuiweka.

Basi kosa ni la programu au la duka? Nimeliwaza sana. Programu yenyewe ni nyepesi, ina kasi, na mwenzangu alipoiongezea ile sehemu ikafanya kazi vizuri. Kwa hiyo siwezi kusema ni mbovu. Lakini hapana, siisamehi pia. Inajua faili halina sauti, halafu inaandika Imekamilika na kuweka tiki ya kijani. Ingeandika "sauti haipo" usiku ule wa kwanza, ningejua baada ya video moja, si baada ya 40.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi tiba ilivyokuwa rahisi. Picha zangu zilikuwa nzima. Sauti ya video ya dakika kumi haizidi sana MB 10. Tulishusha sauti peke yake kwa yt-dlp, programu ya bure ambayo unaiandikia amri kwenye lile dirisha jeusi, na mtandao ukikatika inaendelea pale ilipoishia. Halafu ffmpeg, nayo ya bure, ikashona sauti na picha bila kuziandika upya, sekunde chache kwa kila video. Usiku mmoja tukazimaliza zote. Kijana wa duka angeniambia hivyo kwa dakika mbili, ningemshukuru na kumpelekea wateja.

Mwenzangu alinieleza pia kwamba youtube-dl, ambayo yt-dlp imetokana nayo, iliondolewa GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huweka kazi zao, Oktoba 2020 kwa malalamiko ya makampuni ya muziki ya Marekani, ikarudishwa mwezi uliofuata. Hapo nikashtuka, nikasoma masharti ya YouTube: kupakua bila idhini hawaruhusu. Kwa hiyo nikapitia orodha yangu upya. Zenye leseni ya Creative Commons, ambayo mwenye kazi anairuhusu itumiwe na wengine, nimezibakiza, na mwenye ile video ya moyo nilimwandikia, nikamweleza shule ilipo na mtandao ulivyo. Alinijibu ndani ya siku chache: tumia, mwalimu, na wape walimu wengine. Mtu asiyenijua, wa nchi nyingine, ameniheshimu kuliko yule niliyempa pesa mkononi.

Huyu mwalimu aliyeniuliza nimemrudia, nimemwomba radhi kwa ukali wangu, na kesho anakuja na flashi. Nimemwambia nitamwekea yt-dlp na ffmpeg, senti hatoi. Kama ataitaka ile ya kulipia kwa sababu dirisha jeusi linamtisha, basi ainunue, ila asitoke dukani kabla hajacheza video ya 1080 akaisikia kwa masikio yake.

Kidato cha Pili niliwarudishia kile kipindi. Moyo ulipoanza kusikika, yule binti wa dawati la mbele aliweka kiganja kifuani pake, na wenzake wakafuata mmoja mmoja.