Miwani na kiraka kwa mtoto mwenye makengeza: uzoefu wangu kutoka Busia

Ukiwa na mtoto ambaye jicho lake moja linakimbilia puani, kila mtu ana dawa yake. Mimi nimezisikia karibu zote, nyingine nimezilipia, na sasa naweza kusema ni zipi zilizofaa pesa yangu. Nazungumzia vitu vitatu: duka la miwani, kliniki ya macho ya watoto ya hospitali moja ya misheni huko Kampala, na kiraka cha kuziba jicho. Hicho cha mwisho ndicho rahisi kuliko vyote kwa bei, na ndicho kilichotutoa jasho.

Nauza vitenge Busia, upande wa Uganda. Binti yangu, hapa nimwite Zai, alizaliwa macho yakiwa yamenyooka, na picha ninazo. Alipokaribia miaka mitatu, jicho la kushoto likaanza kuingia ndani. Mwanzoni ilikuwa jioni akichoka, au akiinamia simu, baadaye ikawa kutwa. Mama mkwe akaniambia nisihangaike, ataacha akikua, mbona hata shangazi yake alikuwa hivyohivyo. (Shangazi mwenyewe mpaka leo husoma kwa jicho moja, ila hilo halikutajwa.) Kijana wa duka la dawa akatoa chupa ya matone, yale ambayo watu huwatilia watoto wanaowashwa macho. Nilisoma karatasi yake nikakuta yana steroidi. Nikamrudishia. Matone hayo yakitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na kengeza hayanyooshi.

Duka la miwani lina kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, Zai akafurahi. Wakamkalisha mbele ya kompyuta, akachungulia, mashine ikalia, karatasi ikatoka: eti haoni mbali kidogo, namba ya lenzi kasoro nusu. Dakika chache tu, na fremu zikaanza kupangwa mezani. Nikauliza, na jicho lililopinda je? Nikaambiwa miwani italishughulikia. Sikununua, kwa sababu mtoto huyu humwona baba yake akiwa ng'ambo ya barabara kabla yangu, na sikuelewa hiyo kasoro imetoka wapi.

Jibu nililipata Kampala, baada ya kilomita karibu 200 za taksi na foleni ya Jinja.

Kliniki ya watoto ni kelele tupu. Usitegemee kutoka kabla ya alasiri. Lakini tangu Zai alipoitwa, nililiona jambo ambalo dukani halikuwepo: hakuna aliyekuwa na haraka. Nesi alianza na kadi za picha nne, nyumba, duara, mraba na tufaha. Zilibuniwa na daktari wa macho wa Ufini, Lea Hyvärinen, kwa ajili ya watoto wasiojua kusoma. Zai hajawahi kuuma tufaha, akasema "embe". Nesi akacheka: "Embe ni sawa, Mama Zai, mradi libaki embe mpaka mwisho." Jicho la kulia likashuka na mistari vizuri. Alipozibwa hilo la kulia ili kushoto lifanye kazi peke yake, mtoto akapiga kelele na kuusukuma mkono wa nesi. Nikadhani ni utundu. Nesi akasema hapana, ndivyo mtoto anavyokuambia kwamba umemfunga jicho lake la kuonea. Kushoto alipata 6/36, yaani alama ambayo jicho zima huiona kwa mita 36, yeye ilibidi awe mita 6.

Wakammulika tochi. Mwanga uling'aa katikati ya mboni ya kulia, lakini kushoto ukakaa pembeni, upande wa sikio. Kipimo hiki ni cha sekunde kadhaa tu na hakihitaji umeme. Mama aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa na mtoto mchanga ambaye ungeapa ana makengeza. Tochi ikaonyesha yuko sawa: daraja la pua bado pana, ngozi yake inafunika weupe wa jicho kwa ndani. Akarudi nyumbani bila dawa yoyote.

Kisha wakaja na matone. Haya nayataka kila mzazi ayajue, maana ndiyo yanayotenganisha kipimo cha mtoto na kipimo cha mtu mzima. Yanawasha, mtoto atalia, halafu mnakaa kusubiri mpaka mboni zipanuke na misuli ya ndani ya jicho ilegee. Mtoto mdogo ana nguvu nyingi za kukaza jicho. Kompyuta ya dukani ilimpima Zai akiwa anakaza, ndiyo maana ikatoa namba ya mtu asiyeona mbali. Matone yalipomlegeza, daktari akakaa mbele yake na kimulimuli chenye mwanga wa mstari, akawa anapitisha lenzi moja baada ya nyingine machoni pake bila kumwuliza swali lolote. Namba ya kweli ikatoka: kulia chanya tano, kushoto chanya sita na nusu. Hata upande wa alama ulikuwa kinyume na wa dukani!

Daktari alinieleza hivi, na ninaliandika kama nilivyolielewa. Jicho lenye chanya kubwa lazima likaze ili lione sawasawa, hasa vitu vya karibu. Na mwilini, kukaza jicho na kuyaleta macho puani ni vitu vilivyofungwa pamoja, ukivuta kimoja na kingine kinafuata. Zai alikuwa akikaza kupita kiasi, jicho likawa linaingia ndani. Ubongo hautaki kuona vitu viwili viwili, kwa hiyo ukaamua kulipuuza lile la kushoto, ambalo lenyewe lilikuwa na ukungu zaidi. Jicho halina kidonda, halina mtoto wa jicho, ni zima. Ila ubongo umeacha kulisikiliza, na usiposhughulikiwa mapema, kabla ya miaka saba au nane hivi, kuurudisha huwa vigumu sana. Ndiyo sababu "ataacha akikua" ni ushauri wa hatari.

Mboni zikiwa bado zimepanuka, akachungulia hadi nyuma ya jicho. Nilipouliza sababu, akasema kila mtoto mwenye kengeza lazima achunguliwe, kwani saratani ya retina kwa watoto, retinoblastoma, mara nyingine hujionyesha kwa kengeza tu. Dalili yake iliyo maarufu zaidi ni mboni kung'aa nyeupe, mara nyingi kwenye picha ya flashi. Ukiona weupe huo usingoje miadi ya mtu yeyote, nenda siku hiyohiyo. Watoto wa namna hiyo hutibiwa katika kituo cha macho cha Ruharo, Mbarara, ambacho kimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Zai hakuwa nayo. Nilitoka nje nikanywa soda.

Gharama: kumwona daktari hakukuniumiza, miwani ndiyo iliniumiza. Hospitali za serikali Uganda zilifuta ada tangu 2001, isipokuwa wodi za kulipia, kwa hiyo ukienda Mulago, hospitali kuu ya serikali Kampala, utapimwa hata kama mfuko umetoboka. Lakini miwani utainunua mwenyewe. Fremu ya mtoto pamoja na lenzi ilizidi shilingi laki moja za Uganda, na zilizopendeza zilikuwa mbali kule juu. Usichague kwa macho yako. Chagua inayokaa juu ya pua bila kuteleza, ambayo lenzi yake inafunika mpaka kwenye nyusi, kwa sababu mtoto akipata nafasi ya kuchungulia juu ya fremu, atachungulia. Lenzi ziwe za plastiki, si kioo. Kamba ya nyuma ya kichwa inunue siku hiyohiyo.

Wiki za mwanzo ni za vita. Zai aliivua miwani, akaificha ndani ya debe la mchele, akaivua tena. Mtoto aliyezoea kukaza haachi ghafla, kwa hiyo mwanzoni miwani humletea ukungu badala ya kumwondolea. Halafu siku ikafika akaamka akaiulizia mwenyewe. Akiivaa, jicho linanyooka, sawa kabisa. Akiivua, linaingia ndani, na mtu ukiangalia utaapa limezidi kuliko zamani. Wazazi wengi huacha hapa, wakisema miwani imeharibu mtoto. Haijaharibu. Umezoea kuliona limenyooka, na mtoto naye amezoea kuona sawasawa, kwa hiyo akivua hukaza kwa nguvu ili asipoteze. Majirani waliosema "mpelekeni akatwe tu" niliwajibu kwamba jicho linalonyooshwa na miwani halihitaji kisu.

Lakini kunyooka si kuona. Tuliporudi kupimwa, kushoto kulikuwa kumepanda kidogo tu. Ndipo kiraka kikaingia.

Kiraka kinaziba jicho zuri ili lile lililozembea lilazimike kufanya kazi. Viraka vya kununua vyenye gundi ni ghali na havipatikani kila mahali, nesi akanifundisha kutumia shashi iliyokunjwa na plasta ya karatasi. Kinabandikwa usoni, miwani inakuja juu yake. Usibandike kwenye lenzi. Zai aligundua tundu la kuchungulia pembeni kabla sijamaliza kujipongeza. Daktari alisema saa mbili kwa siku. Mimi nikasema nitafanya saa sita ili tumalize upesi, akanizuia. Kuna utafiti wa Marekani ya Kaskazini uliochapishwa 2003, uliohusu watoto wa miaka mitatu hadi saba ambao jicho lao halijazembea kupindukia, na waliozibwa saa mbili walipata nafuu sawa na waliozibwa saa sita. Hilo peke yake lilinipunguzia mzigo mkubwa.

Saa mbili zenyewe si mchezo. Joto la Busia unalijua: jasho, plasta inachubua shavu, mtoto anajikuna. Nilijifunza kubadilisha upande wa kubandika na kuilowesha kwa maji kabla ya kuibandua. Nilimpa kazi za karibu wakati huo, kuchambua maharage, kutunga shanga, kuchora kwenye daftari la mahesabu yangu. Dukani nilimkalisha kwenye kaunta, na wateja wakawa wanauliza kama amepigwa. Baba yake akajibandika na yeye shashi, wakakaa sebuleni kama maharamia wawili. Ilisaidia kuliko peremende.

Ipo njia nyingine, tone la atropini kwenye jicho zuri ili lione ukungu karibu, na utafiti wa 2002 ulionyesha linakaribiana sana na kiraka kwa matokeo. Daktari alinipa nafasi ya kuchagua. Nilikataa kwa sababu mboni hukaa imepanuka na jua letu ni kali, na kwa sababu chupa yake ni sumu mtoto akiinywa, nami nina mwingine anayetambaa. Kama mtoto wako anararua kila kiraka, uliza kuhusu tone hilo.

Matokeo: kushoto sasa ni 6/12. Nina furaha, lakini daktari hakunificha kwamba uwezo wa kupima umbali kwa macho mawili pamoja huenda usikamilike. Kwenye kitabu cha picha zinazojitokeza, ambazo watoto wengine hunyoosha mkono kuzishika, Zai huona karatasi tu.

Malalamiko yangu kwa kliniki: lenzi zilichelewa, hakuna aliyepiga simu, na nilifunga safari nikakuta hazijafika. Maelezo ya kiraka niliyapata kwa mdomo, kwa Kiganda na Kiingereza, na mimi nilibahatika nesi anajua Kiswahili. Mama aliyetoka Kasese baada yangu alitoka ameshika shashi bila kuelewa ni jicho lipi la kuziba. Karatasi moja ya Kiswahili yenye picha ingetosha. Nawapa nyota nne. Duka la miwani nalipatia nyota mbili, kwa kiyoyozi na kwa fremu, maana siku nikiwa na karatasi ya daktari mkononi nitanunua kwao bila wasiwasi.

Mdogo wake Zai naye tumempeleka, kwa kuwa mambo haya hufuata ukoo. Alitiwa matone, akalia, akapimwa: ana chanya ndogo, ya kawaida kwa umri wake, na macho yamenyooka. Hajapewa miwani. Atarudishwa akifikisha miaka mitatu, au mapema zaidi jicho likianza kuingia.