Klarineti ya kununua Dar: kagua pedi kwanza, mengine baadaye

Mwaka juzi nilienda Kariakoo na laki tatu na nusu nikarudi na klarineti, kile chombo cha muziki cha kupuliza, mpya kabisa, nyeusi inang'aa, boksi lina velveti ya bluu ndani, kaka wa dukani ananiambia dada chukua hii ni orijino. Miezi minne nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri nifanye mazoezi kabla ya kwenda kazini, noti za juu zinakuja kuja hivi lakini nikianza kushuka chini sauti inakatika, zile mbili tatu za mwisho unasikia pumzi tu. Nikabadilisha ridi, kile kibamba chembamba kinachotetemeka ukipuliza, nikanunua mausipisi nyingine, yaani kile kipande cha kuweka mdomoni, nikapunguza kula usiku nikidhani ni tumbo linabana pumzi. Mwisho nikaenda kumuaga mwalimu kwamba mimi basi, naacha.

Mwalimu wangu ni mzee mstaafu wa bendi ya jeshi. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mkono ushaingia kwenye boksi. Akachomoa pingili ya chini, vidole vitatu vya kulia kwenye matundu matatu, kidole kidogo kwenye ule ufunguo wa mwisho, yaani kile chuma cha kubonyeza, kiganja cha kushoto kikaziba upande wa chini, halafu akaweka mdomo juu akavuta hewa kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija, aone kama kuna hewa inapenya. Akarudia tena. "Mwanangu, hii inavuja. Hata mimi siipigi."

Basi kwenye mwongozo huu sitaongelea utamu wa sauti wala uzuri wa boksi, hayo kila mtu anayaona. Naongelea pedi, kwa sababu hakuna muuzaji atakayekutajia hata siku moja.

Klarineti ya kawaida ya B flati ina funguo 17 na pete 6, na chini ya funguo kuna pedi, kiviringo kidogo cha sufi kilichovikwa ngozi nyembamba sana ambacho kazi yake ni kuziba tundu hewa isitoke. Pedi moja ya juu ikiachia nafasi ya unywele tu, noti zote za chini yake zinaumia, maana hewa inatoroka kabla haijafika huko. Ndo maana ukiwa mwanafunzi unajiona wewe ndo mbovu. Na hapa kwetu unyevu hauna huruma, chombo kikikaa chumbani Machi na Aprili sufi inavimba, ngozi inachanika pembeni, na kama chuma cha ufunguo ni laini ule ufunguo unapinda hata ukiwa unaunganisha tu vipande. Ukijaribu kuunyoosha unakatika.

Kipimo cha pili alichonifundisha mzee ni cha karatasi ya kuvingirishia sigara. Unakata ukanda mwembamba kama njiti ya kiberiti, unauweka chini ya pedi, unafunga ufunguo taratibu bila kukandamiza, halafu unavuta. Unatakiwa kuhisi umeshikwa, na unarudia pande zote nne za pedi hiyo hiyo. Kwenye ya kwangu pedi kubwa ya chini kabisa ilishika mbele tu, nyuma ukanda ukatoka mzima hata bila mkunjo. Pedi ilibandikwa imelala upande, na imelala hivyo tangu kiwandani.

Sasa niseme wazi, mimi ni mtu wa Yamaha na sibadiliki. Namba moja kwangu ni YCL-255, au kaka yake wa zamani YCL-250 ukiipata mtumba iliyotunzwa. Mwili wake ni plastiki ngumu ya ABS, na msikubali mtu awaambie plastiki ni ya watoto, kwa hali ya hewa ya Dar plastiki ndo inafaa, haipasuki ukitoka kwenye kiyoyozi cha ukumbi ukaingia jua la saa nane. Funguo zake ngumu, pedi zinakaa sawa, na inakuja na mausipisi yake ya 4C ambayo inatosha kabisa kuanzia. Nimekagua tatu tofauti kwa ule ukanda wa karatasi, moja mpya na mbili mtumba, zote zilishika. Niliyoulizia mpya ilikuwa milioni mbili na kitu, najua inauma, lakini jumlisha laki tatu na nusu yangu, mausipisi, maboksi ya ridi na miezi minne.

Namba mbili Buffet Crampon, Wafaransa hao wapo tangu 1825. Ile Prodige ni plastiki, nzuri tu, E11 ni ya mti na hiyo nasema subiri uwe umeshajua kutunza, maana mti mpya unataka upigwe kidogo kidogo wiki za mwanzo na ukaushwe kwa kitambaa kila ukimaliza la sivyo unapata ufa.

Na hapa kwenye mti ndo roho inaniuma kweli. Klarineti za juu za dunia nzima, R13 ya Buffet iliyotoka 1955 ikiwemo, ni mpingo. Mpingo huu huu wa vinyago vya Mwenge, mti mzito mpaka ukiutia kwenye maji unazama, unaokaa miaka 70 na zaidi ardhini kabla haujafaa kuvunwa, na unatoka Kilwa, unatoka Lindi, basi la asubuhi tu kutoka Mbagala. Unaenda Ulaya unatobolewa matundu, halafu mimi wa Kimara nikiitaka R13 naambiwa bei kwa dola na inavuka milioni kumi. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, shirika la kimataifa la misitu, cha kuvuna mpingo kwa utaratibu 2009 na hilo nalifurahia sana, lakini mtoto wa Kilwa anayetaka kupiga mpingo wa kijijini kwao ataupatia wapi?

Mtumba kutoka Uingereza kuweni makini na zile za zamani zilizochongwa HP, yaani "high pitch", zimepandishwa sauti kuliko kinanda cha leo, huwezi kupiga na mwenzako hata uvute vipi kipipa, kile kipande kifupi chini ya mausipisi.

Za bei chee zisizo na jina, za laki tatu, laki nne: ukikuta inayoshika karatasi funguo zote, nunua. Mimi sijaikuta.

Ridi anzeni na namba 2 au 2 na nusu, namba ndo ugumu wake, za kampuni ya Vandoren, nunueni boksi zima, huo mchezo wa kuuziwa moja moja zilizoshikwa na kila mtu dukani ukataeni.

Na wauzaji jamani. Nikiomba kuvuta hewa naambiwa dada utaichafua, wakati nimebeba spiriti na kitambaa changu. Nikitoa ukanda wa karatasi naulizwa kwani umekuja kununua au kukagua. Niliporudisha ile ya kwanza nikaonyeshwa mhuri kwenye risiti, bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na yule kaka hakuigusa hata boksi. Siku hizi naomba kipimo kabla sijauliza bei, na duka likikataa natoka naenda la pili.