Flashi ya redio ya gari: ipi ununue, ipi uiache dukani

Flashi inafunguka vizuri tu kwenye laptopu. Ukiichomeka garini, redio inaandika NO FILE. Mwenye gari anarudi dukani, ananunua kubwa zaidi, nayo inakataa vilevile. Mara nyingi ubovu haupo: ni mpangilio wa faili unaokuja na flashi kubwa ndio unaoishinda redio.

Namba moja kwangu ni flashi fupi ya GB 16 au 32, USB 2.0, ya SanDisk, Kingston au chapa nyingine inayojulikana. Za ukubwa huo kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi faili ambao karibu kila redio inauelewa, iwe ile ya Kijapani iliyokuja na gari au ya Kichina uliyofungiwa Kariakoo. Kuanzia GB 64 nyingi huja na exFAT, mpangilio mpya zaidi, na hapo redio za zamani zinabaki kukodoa macho. Muuzaji akikusifia kasi ya USB 3.0, mwache aongee. MP3 ya ubora wa juu hula kilobiti 320 kwa sekunde; USB 2.0 hupitisha hadi megabiti 480. Na wimbo wa dakika 4 kwa ubora huo ni kama MB 10, kwa hiyo GB 16 zinabeba nyimbo zaidi ya 1,500. Utatoka Dar hadi Mwanza na kurudi hujazimaliza.

Ufupi nao nausisitiza kwa sababu umenigharimu. Tundu la gari langu liko chini ya redio, karibu na gia. Nilikuwa na flashi ndefu, abiria akaigonga kwa goti wakati anashuka, mara moja tu. Tundu likalegea. Tangu siku hiyo kila tuta wimbo unakatika na folda inaanza upya, na fundi ananidai kufungua dashibodi nzima kwa kosa la flashi ya bei ya soda chache.

Namba mbili ni zile za chuma. Ni ngumu, hazivunjiki, unazining'iniza na funguo. Ila gari likishinda juani, usiishike bila kujiandaa.

Namba tatu: kadi ndogo ya memori ndani ya kadi rida. Kama unayo kadi ya simu ya zamani, hujatumia hela nyingi. Shida ni kwamba sasa kuna viungo viwili vya kutikisika, na barabara zetu unazijua.

Namba nne ni GB 64 na kuendelea, kwa mwenye redio mpya au anayejua kuifomati iwe FAT32. Kwa miaka mingi dirisha la kawaida la kufomati la Windows limekataa kutengeneza FAT32 inayozidi GB 32, hivyo huenda ukahitaji programu ya pembeni.

Mkiani kabisa ni ile ya TB 1 inayouzwa barabarani kwa bei ya chakula cha mchana. Nilinunua, nakiri. Majina ya nyimbo yote yalionekana, za mwanzo zikapiga, zilizofuata kimya. Ndani huwa kuna GB chache tu, chipu imefundishwa kudanganya. Programu ya H2testw huifichua: inaijaza data, kisha inazisoma upya kuona kama zipo kweli.

Lakini kabla hujatoa hela, hakikisha tundu lenyewe si la kuchaji tu. Yapo magari ya hivyo. Halafu angalia mkia wa faili. Nyimbo nyingi za kupakua kwa simu ni M4A au Opus, aina nyingine za faili za sauti, na kuandika .mp3 mwishoni hakuzigeuzi kuwa MP3. Zigeuze kwa programu. Aliyenakili kwa kompyuta ya Mac huacha pia vifaili vilivyofichwa vinavyoanza na nukta na mstari wa chini. Redio nyingine huvihesabu kama nyimbo, ikafika hapo ikanyamaza.

Na kama mahubiri au kisa cha sehemu kumi kinapigwa vurugu, sehemu ya saba kabla ya ya pili, flashi haina kosa. Redio nyingi hufuata mpangilio wa kunakiliwa, si wa alfabeti. Futa zote, kisha nakili moja moja kuanzia ya kwanza.