Uzoefu Wangu wa Kutumia Praat Kujifunza Konsonanti Ngumu za Kijapani

Praat ni programu ya kompyuta ya kuchanganua sauti za lugha, iliyoundwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, na inapatikana bure kwa Windows, Mac na Linux. Haikukusudiwa wanafunzi wa lugha. Wanaoitumia zaidi ni wanaisimu. Mimi nimeitumia kwa kazi moja tu, kunyoosha matamshi yangu ya Kijapani, na kwa kazi hiyo sijapata chombo kinachoifikia.

Mzungumzaji wa Kiswahili huanza Kijapani akiwa na mtaji. Irabu ni tano kama zetu, silabi nyingi huishia kwa irabu, na sauti kama ch, sh na j hazimshtui. Ndiyo maana wengi wetu hudhani kwamba matamshi hayana kazi, na mtihani wa JLPT, unaopima ujuzi wa Kijapani lakini hauna sehemu ya kuzungumza, hauwalazimishi kufikiri vingine. Ugumu umejificha katika konsonanti chache, na ukizipuuza mapema zinakaa vibaya kinywani kwa muda mrefu.

Kabla ya Praat nilikuwa na programu ya simu, ambayo sitaitaja jina, inayomsikiliza mwanafunzi na kumpa alama. Niliisomea kite, yaani “njoo”, mahali palipoandikwa kitte, yaani “stempu”, ikanipa alama zote. Kwangu hilo lilitosha kuonyesha kwamba inakisia neno lililokusudiwa badala ya kupima sauti iliyotoka, na mwanafunzi anayeitegemea atasifiwa bila kufundishwa.

Praat haisifu mtu. Unajirekodi, unafungua rekodi, na unaona picha mbili, moja juu ya nyingine: juu mawimbi ya sauti, chini spektrogramu, ambayo ni ramani ya kijivu inayoonyesha nguvu ya sauti katika kila masafa kadiri muda unavyokwenda. Ukiburuta kipanya juu ya sehemu yoyote, programu inakuandikia urefu wake kwa sekunde. Nilichukua maneno yaliyosomwa na Wajapani kwenye tovuti ya Forvo na katika masomo ya Kijapani ya NHK WORLD-JAPAN, idhaa ya kimataifa ya shirika la utangazaji la Japani, ambayo yapo hata kwa Kiswahili, nikayaweka kando ya sauti yangu na kuanza kupima.

Konsonanti ndefu, ile inayoandikwa kwa herufi ndogo ya Kijapani っ, ndiyo iliyofaidika zaidi. Maneno kama oto (sauti) na otto (mume), au saka (mteremko) na sakka (mwandishi), hutofautiana kwa urefu tu wa muda ambao ulimi unaziba njia ya hewa kabla ya kuachia. Katika mawimbi ya sauti muda huo ni mstari uliolala kati ya irabu mbili, na kwa Mjapani mstari wa otto kwa kawaida ni mara mbili hadi tatu ya ule wa oto. Wanafunzi wengi wa kwetu hutamka t hiyo kwa nguvu zaidi wakidhani wameirefusha. Masikio yanakubali, lakini kipimo kinakataa, kwa kuwa nguvu inaongeza kishindo cha kuachia na kuacha kimya kilivyokuwa. Nilipoelekeza juhudi kwenye kusubiri, ulimi ukiwa umebana palepale, mstari ulirefuka na neno likawa neno. Wazungumzaji wa Kiganda wana faida hapa, kwani lugha yao ina konsonanti ndefu hata mwanzoni mwa neno, kama katika ttaka, udongo.

Jambo jingine nililoliona waziwazi kwenye picha ni kwamba っ si kimya kila mahali. Vitabu vingi vya wanaoanza hueleza kuwa mtu anyamaze kidogo, na maelezo hayo ni sahihi kwa p, t na k. Katika zasshi (gazeti la kurasa, yaani jarida) au kissaten (mkahawa) hakuna kimya chochote: ni mvumo wa sh au wa s unaoendelea kwa muda mrefu. Anayenyamaza kabla ya sh ya zasshi anatoa sauti isiyokuwepo katika Kijapani, na hakuna aliyewahi kunieleza hivyo kabla ya kuiona mwenyewe.

Kwa n inayohesabiwa kama pigo kamili, yaani inayochukua muda wake yenyewe kama silabi, Kiswahili chenyewe kilinipa kipimo. Nilirekodi mbuni, yule ndege, na mbuni, mtu anayebuni vitu. Katika neno la pili m inasimama kama silabi, na kwenye Praat inaonekana ndefu kuliko ya kwanza. N ya kwanza ya shinbun (gazeti) na ile ya sanpo (matembezi) hutamkwa m, na urefu wake unafanana na m ya yule mbunifu, ilhali mazoea hutuvuta kuiunganisha na konsonanti inayofuata kama katika jina la ndege. Ngumu zaidi ni n iliyo mbele ya irabu. Kin'en ni katazo la kuvuta sigara, kinen ni kumbukumbu ya tukio. Katika neno la kwanza ulimi haugusi ufizi kabisa, na kwenye spektrogramu irabu inapita kwenye pua bila mkatiko ulio wazi.

Kuhusu ts, linganisha isu (kiti) na itsu (lini). Katika itsu utaona pengo jeupe kabla ya mvumo, katika isu hulioni. Wagiriama, wanaosema tsi kwa maana ya nchi, wanaweza kuruka zoezi hili. Kumbuka tu kuongeza upeo wa spektrogramu, kwani Praat huanza kwa kuonyesha hadi hezi 5,000, na sehemu kubwa ya mvumo wa s iko juu zaidi. Mimi huweka 10,000.

Kwa r na fu, programu inasaidia kidogo. Inaonyesha kama ulimi umepiga ufizi mara moja, kama Kijapani kinavyotaka, au umetetema, lakini haikuambii uupeleke wapi. Fu ya Kijapani hutolewa kwa midomo miwili bila meno kugusa mdomo wa chini, na kwa hiyo kioo cha ukutani kilinifaa kuliko picha yoyote.

Praat inahitaji kompyuta, menyu zake ni za Kiingereza, na siku za kwanza madirisha yake mawili yanachanganya. Mwenye simu peke yake haitamfaa. Kwa kupima urefu wa kimya, maikrofoni ya kawaida ya kompyuta inatosha. Kwa s, sh na fu, zima feni kwanza, kwa sababu mvumo wake unaingia kwenye picha na kuchanganyika na mvumo wa konsonanti zenyewe.